Dawa ya Sekunde Chache: Adenosini na Mbio za Ghafla za Moyo

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Apandapo mlima, akimbiapo au ashikwapo na hofu, mapigo hayo huongezeka kidogo kidogo, na akishapumzika hupungua vilevile kidogo kidogo. Lakini wapo watu ambao mioyo yao, bila wao kukimbia wala kuogopa, huruka ghafla kutoka mapigo 70 hadi 180 au hata 200 kwa dakika, mithili ya taa iwashwayo kwa swichi. Hali hiyo yaweza kudumu dakika chache au saa kadhaa, kisha ikakoma ghafla kama ilivyoanza. Aghalabu huwapata watu wenye afya njema, wakiwamo vijana wa umri wa shule. Na kwa kuwa mbio hizo mara nyingi huwa zimekwisha kabla mgonjwa hajamfikia daktari, wengine huambiwa kwamba walikuwa na woga tu.

Miongoni mwa dawa zitumiwazo hospitalini kuzikomesha mbio hizo, iliyo mashuhuri ni adenosini. Dawa hii ina tabia mbili za ajabu. Kwanza, hutenda kazi kwa sekunde chache tu, kisha huvunjwavunjwa mwilini isibaki na nguvu. Pili, katika sekunde hizo chache wagonjwa wengi huhisi kifua kikibanwa, na baadhi yao husadiki kwamba wanakufa. Kisha hisia hiyo hupita, na moyo huwa umerudia mwendo wake wa kawaida.

Inafaa kuuliza: yawezekanaje dawa isiyodumu hata dakika moja ikomeshe mbio zilizodumu saa nzima? Na kwa nini iambatane na hofu kubwa hivyo? Majibu yake hayawahusu madaktari peke yao. Mgonjwa aliyeelezwa mapema mambo yatakayompata huyavumilia kwa utulivu zaidi kuliko yule asiyejua lolote.

NJIA YA UMEME MOYONI

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme hafifu utengenezwao na moyo wenyewe. Katika ukuta wa chumba cha juu, upande wa kulia, kuna kifundo kidogo cha chembe hai maalumu ambazo hujiamsha zenyewe mara kwa mara bila kungoja amri. Kifundo hicho, kilichoelezwa mwaka 1907 na wataalamu Arthur Keith na Martin Flack huko Uingereza, ndicho kiongozi wa mapigo. Umeme utokao hapo huenea katika vyumba viwili vya juu, navyo hujikaza na kusukuma damu kwenda vyumba viwili vya chini.

Baina ya vyumba vya juu na vya chini pana ukuta wa tishu isiyopitisha umeme. Katika moyo wa kawaida, umeme una njia moja tu ya kuuvuka ukuta huo: kifundo cha pili kilichoko mpakani, katikati ya moyo. Aliyekieleza kwa ukamilifu ni Mjapani Sunao Tawara, mwaka 1906, alipokuwa akifanya utafiti katika mji wa Marburg, Ujerumani. Katika makala haya kifundo hicho kitaitwa lango, maana ndiyo kazi yake hasa. Umeme ufikapo langoni hucheleweshwa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vipate nafasi ya kumwaga damu yao, ndipo huruhusiwa kushuka na kuviamsha vyumba vya chini.

Jambo moja zaidi ni lazima likumbukwe, kwani ndilo ufunguo wa maelezo yote yafuatayo. Chembe ya moyo ikishapitiwa na umeme, huhitaji kupumzika kwa kitambo kidogo sana. Katika kitambo hicho haiwezi kuamshwa tena, hata umeme mwingine ukiifikia. Yafanana na nyasi za mbugani: moto ukishazipitia, hauwezi kurudi papo hapo kuzichoma tena. Sharti ziote upya.

UMEME UNAPOJIZUNGUSHA

Tuseme kuna mbuga yenye umbo la duara, na ndani yake nyasi huota upesi mno. Moto ukiwashwa mahali pamoja, ukaenda upande mmoja tu wa duara, huenda ukafika pale ulipoanzia na kukuta nyasi mpya zimekwisha kuota. Hapo utaendelea na mzunguko wa pili, wa tatu, na kadhalika, bila kuhitaji mtu wa kuuwasha tena.

Ndivyo ilivyo katika mbio za ghafla za moyo. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, lango lina njia mbili ndani yake badala ya moja. Njia ya kwanza hupitisha umeme upesi, lakini huchukua muda mrefu kupumzika. Njia ya pili hupitisha umeme polepole, lakini hupumzika kwa muda mfupi. Siku zote umeme hushuka kwa njia ya upesi, na mwenye moyo huo haoni tofauti yoyote. Lakini likitokea pigo moja la mapema, umeme wake huikuta njia ya upesi ingali imepumzika, basi hushuka kwa njia ya polepole. Ufikapo chini, njia ya upesi huwa imekwisha kuamka. Umeme hupanda juu kwa njia hiyo, kisha hushuka tena kwa ile ya polepole, na duara huwa limekamilika. Mzunguko mmoja ukichukua theluthi moja ya sekunde, moyo utapiga mara 180 kwa dakika.

Katika aina ya pili, mtu huzaliwa na uzi mwembamba wa misuli unaovuka ule ukuta usiopitisha umeme, mbali na lango. Umeme huweza kushuka kwa lango na kupanda kwa uzi huo, ukazunguka vivyo hivyo. Mwaka 1930 madaktari Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White walieleza alama za pekee zionekanazo katika mchoro wa umeme wa moyo wa baadhi ya watu hao, na hali hiyo hujulikana kwa majina yao matatu hadi leo.

Madhara ya mbio hizo hutokana na upungufu wa muda. Moyo upigao mara 75 kwa dakika hutumia sekunde 0.8 kwa kila pigo, na takriban sekunde 0.5 kati ya hizo ni za kulegea na kujaa damu. Moyo upigao mara 200 una sekunde 0.3 tu kwa kazi yote, yaani kujaa na kusukuma. Huwa haujajaa vizuri, basi kila pigo hutoa damu kidogo. Mgonjwa huhisi moyo ukipapatika, shingo ikitutuma, kichwa kikizunguka, pumzi ikipungua, na wakati mwingine kifua kikibana. Kwa kijana mwenye moyo mzima mbio hizi aghalabu si za kuua, lakini huchosha na kutisha. Kwa mzee au mwenye moyo dhaifu zaweza kuleta hatari kubwa.

Hata hivyo, udhaifu wa duara umo ndani ya duara lenyewe. Anayetaka kuuzima moto uzungukao katika mbuga ile hana haja ya kufyeka mbuga yote, wala ya kukesha hapo. Yatosha kufyeka ukanda mmoja mwembamba, mahali pamoja, kwa muda wa mzunguko mmoja. Moto ukifika hapo na kukosa nyasi, utakufa, na ukishakufa hautajiwasha wenyewe. Kadhalika moyoni: lango likifungwa kwa sekunde chache tu, umeme uzungukao hukosa njia, duara hukatika, na kile kifundo cha juu hushika tena uongozi wake. Dawa ihitajiwayo hapa ni ya kufunga lango na kulifungua mara moja.

MBIO ZISIZO ZA DUARA

Ni muhimu kutofautisha mbio hizo na zile ambazo moyo hukimbia kwa haki. Mtu mwenye homa ya malaria, aliyepoteza damu au maji mengi, mwenye upungufu wa damu, au ambaye tezi ya thairoidi iliyo shingoni mwake inafanya kazi kupita kiasi, moyo wake huenda mbio kwa kuwa mwili wadai damu zaidi au umesisimuliwa kupita kawaida. Hapa hakuna duara la kukatwa. Ni kiongozi mwenyewe aliyeongeza mwendo. Adenosini haitamponya mgonjwa huyo. Atapona kwa kutibiwa malaria, kuongezwa maji au damu, au kutibiwa tezi.

Ndiyo maana kabla ya kutoa dawa daktari hutaka kwanza mchoro wa umeme wa moyo, uchukuliwao kwa mashine iandikayo mapigo juu ya karatasi yenye miraba midogo. Mashine hiyo ni mjukuu wa ile iliyoundwa na Willem Einthoven katika mji wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Aidha daktari huuliza jinsi mbio zilivyoanza. Mgonjwa ambaye aweza kusema, "Nilikuwa nimekaa, mara moyo ukaruka," ametoa habari yenye thamani kubwa.

KABLA YA SINDANO

Mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu bado ni zuri hujaribiwa kwanza bila dawa. Kuna neva iitwayo vagasi, ishukayo kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, ambayo kazi yake mojawapo ni kupunguza mwendo wa lango. Njia mojawapo ya kuiamsha ni kukaza pumzi: mgonjwa hufunga koo na kusukuma kana kwamba anajikamua chooni, au hupuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano la mililita 10 kwa muda wa sekunde 15. Mbinu hiyo ina jina la Antonio Maria Valsalva, mtaalamu wa Italia aliyeieleza mwaka 1704 katika kitabu chake juu ya sikio.

Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 428. Nusu yao walikaza pumzi kwa namna ya zamani. Nusu nyingine, mara baada ya kukaza pumzi, walilazwa chali na miguu yao ikainuliwa kwa sekunde 15, ili damu irudi moyoni kwa wingi. Katika kundi la kwanza, wagonjwa 17 katika kila 100 walirudia mapigo ya kawaida baada ya dakika moja. Katika kundi la pili, walikuwa 43 katika kila 100. Badiliko hilo dogo, lisilogharimu hata senti moja, liliwaepusha wagonjwa wengi na sindano.

Lakini ipo mipaka. Kubonyeza macho, jambo lililofanywa zamani, ni hatari na limeachwa. Kusugua mshipa wa shingoni ni kazi ya daktari, kwani kwa wazee kwaweza kung'oa uchafu ulioganda mshipani na kuupeleka kwenye ubongo.

ADENOSINI NI NINI?

Adenosini si kitu kigeni mwilini. Mwanafunzi wa biolojia amekwisha kukutana nayo, pengine bila kuitambua, katika ATP, ile kemikali ibebayo nishati ndani ya kila chembe hai. ATP ni adenosini iliyounganishwa na fosfati tatu. Adenosini yenyewe imeundwa kwa sehemu mbili: adenini na sukari iitwayo ribosi. Tishu ikipungukiwa na oksijeni, huvunja ATP yake, na adenosini hutoka nje ya chembe kama mjumbe atangazaye dhiki. Mishipa midogo ya damu ya moyo hutanuka kwa amri yake, nao moyo hupunguza kazi.

Mwaka 1929, huko Cambridge, Alan Drury na Albert Szent-Györgyi walitangaza kwamba kemikali za namna hii, walizozitoa katika misuli ya moyo, ziliweza kupunguza mapigo na kuuzuia umeme langoni zilipodungwa katika mishipa ya wanyama. Lakini nguvu yake ilipita upesi mno, na kwa miaka mingi upesi huo ulionekana kuwa dosari. Nani angehitaji dawa isiyokaa? Jibu lilipatikana polepole, kadiri wataalamu walivyozidi kulielewa duara. Katika miaka ya 1950 walikuwako madaktari wa Ulaya walioripoti kuzikomesha mbio za moyo kwa ATP, ambayo mwilini huvunjwa kuwa adenosini. Mwaka 1989 adenosini yenyewe iliidhinishwa nchini Marekani kwa matibabu ya mbio hizi. Kilichoitwa dosari ndicho kilichokuwa sifa.

Juu ya chembe za lango kuna vipokezi, mfano wa makufuli yanayofunguliwa na ufunguo wa umbo la adenosini. Ufunguo ukiingia, hufunguka vijitundu vipitishavyo ioni za potasiamu, nazo hutoka nje ya chembe. Ndani ya chembe huzidi kuwa hasi, na chembe iliyo hasi zaidi ni vigumu kuiamsha. Wakati huohuo uingiaji wa ioni za kalsiamu hupungua. Umeme ufikapo hapo hukuta lango limelala. Neva ya vagasi nayo, kwa kemikali yake yenyewe, huvifungua vijitundu hivyohivyo vya potasiamu. Kwa hiyo kukaza pumzi na kuchoma adenosini ni safari mbili zenye mwisho mmoja.

KWA NINI HUCHOMWA KWA HARAKA

Ikishaingia katika damu, adenosini hunyakuliwa na chembe nyekundu na chembe za kuta za mishipa, ambako vimeng'enya huigeuza kuwa inosini, isiyo na nguvu hiyo. Muda wa nusu ya dawa kutoweka ni chini ya sekunde 10. Tuchukue sekunde 10 kamili kwa ajili ya hesabu. Dozi ya kwanza ya mtu mzima ni miligramu 6. Baada ya sekunde 10 zimebaki 3. Baada ya sekunde 20 imebaki 1.5, baada ya sekunde 30 imebaki 0.75, na baada ya dakika moja imebaki chini ya miligramu 0.1.

Hesabu hiyo yaeleza kila kitu ambacho mgonjwa ataona kikifanywa. Muuguzi hachagui mshipa mwembamba wa kiganjani, bali mshipa mkubwa wa kiwiko, ulio karibu zaidi na moyo. Dawa huingizwa kwa mkupuo, katika sekunde moja au mbili, na papo hapo hufuatwa na mililita 20 za maji ya chumvi zisukumwazo kwa nguvu, ili zikokote dawa hadi moyoni kabla haijafa njiani. Huenda mkono ukainuliwa juu. Dawa ileile, ikidungwa polepole, yaweza kufika ikiwa imepungua mno hata isifanye kazi. Ndiyo sababu pia hakuna vidonge vya adenosini vya kuzikomesha mbio hizi: kidonge kingekwisha nguvu zamani kabla ya kufika langoni.

MGONJWA ATARAJIE NINI

Mgonjwa hulazwa kitandani. Vibandiko vya mashine huwekwa kifuani, na mashine huachwa ikiandika mfululizo. Karibu yake huwekwa mashine ya kushtua moyo. Haiwekwi kwa kuwa daktari anatazamia balaa. Ni desturi ya tahadhari. Mgonjwa huulizwa kama ana pumu, na ni dawa gani azitumiazo. Daktari au muuguzi mwema humwambia waziwazi: "Utajisikia vibaya sana kwa sekunde chache. Itapita."

Kati ya sekunde 10 na 30 baada ya sindano, uso huwaka joto na kuwa mwekundu kwa wenye ngozi nyeupe, kwa kuwa mishipa ya damu imetanuka. Kifua huwa kizito kana kwamba kimekaliwa. Pumzi huonekana haitoshi, ijapokuwa hewa inaingia, kwa sababu adenosini huamsha neva zinazopima hali ya oksijeni katika damu na kuupa ubongo habari ya dhiki isiyokuwapo. Huenda kikatokea kizunguzungu au kichefuchefu. Wagonjwa kadhaa hueleza hisia ya kuanguka shimoni, au yakini kwamba mauti yamefika. Hisia hiyo si udhaifu wa moyo wa mgonjwa wala upungufu wa ujasiri. Ni athari ya dawa, nayo yajulikana.

Katika sekunde hizohizo, karatasi ya mashine huonyesha jambo ambalo lingemtisha ndugu wa mgonjwa kama hakuambiwa. Yale mapigo ya mbio hukoma, na mstari huenda ukanyooka kwa sekunde chache. Kisha huja pigo moja au mawili yasiyo na umbo la kawaida, na hatimaye mapigo ya mpango, 80 au 90 kwa dakika. Mnyooko huo ni lango lililofungwa, nalo hufunguka dawa inapovunjwavunjwa. Kwa kawaida dakika moja haipiti kabla ya mgonjwa kusema kwamba uzito umeondoka.

Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa mbio za duara hupona kwa dozi ya kwanza. Isipofaulu, hurudiwa kwa miligramu 12, na jumla ya waliofaulu hufikia takriban tisa katika kila kumi. Watoto hupimiwa kwa uzito wao, kuanzia miligramu 0.1 kwa kila kilo. Na hata dawa isipokomesha mbio, haikupotea bure. Ziko mbio ambazo duara lake limo katika vyumba vya juu peke yake, na lango si sehemu yake. Lango likifungwa, vyumba vya chini hutulia kwa kitambo, na karatasini huonekana mawimbi ya vyumba vya juu yaliyokuwa yamefichika. Hapo daktari hujua anapambana na adui gani.

WALE AMBAO DAWA HII HAIWAFAI

Mwenye pumu yaweza kumbana njia za hewa, kwa hiyo aghalabu hutafutiwa dawa nyingine. Mtu ambaye lango lake ni bovu tangu awali, bila kifaa cha kuongoza mapigo, hapewi. Dipiridamoli, dawa ya kuzuia damu kuganda, huzuia adenosini isinyakuliwe na chembe, hivyo huizidishia nguvu. Karbamazepini, itumiwayo na wenye kifafa, yaweza kuongeza uzuiaji langoni. Aidha, mwenye uzi wa ziada moyoni ambaye vyumba vyake vya juu vinatetemeka ovyo, bila mpango, anaweza kuhatarishwa: lango likifungwa, umeme huo wa ovyo waweza kushuka kwa uzi usio na mlinzi na kuvikimbiza vyumba vya chini kupita kiasi. Mapigo yasiyo na mpango humfanya daktari asite.

Kwa upande mwingine, kuna vitu vinavyoipunguzia nguvu. Teofilini, dawa ya pumu, hukaa katika vipokezi vya adenosini na kuvifunga. Ndivyo ifanyavyo pia kafeini. Kahawa chungu inywewayo barazani katika miji ya pwani humwondolea mnywaji usingizi kwa njia hiyohiyo, kwani katika ubongo adenosini ni mmoja wa wajumbe wa uchovu. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa kama amekunywa kahawa au chai nzito katika saa chache zilizopita, ajibu kwa ukweli. Swali hilo si la mazungumzo.

Pale ambapo adenosini haipo au haifai, yaweza kutumika verapamili, ichomwayo polepole kwa dakika kadhaa, isipokuwa kwa watoto wachanga na wenye moyo dhaifu. Na mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeanguka, au anayepoteza fahamu, hangojewi: hupewa mshtuko wa umeme uliopimwa, baada ya kulazwa usingizi ikiwa bado anajitambua.

BAADA YA MBIO KUKOMA

Adenosini huzima moto, haiondoi mbuga. Njia mbili za langoni, au uzi wa ziada, hubaki palepale, na mbio zaweza kurudi baada ya dakika, mwezi au miaka. Asumbuliwaye mara kwa mara hupewa dawa za kumeza kila siku, au hupelekwa katika hospitali yenye wataalamu, ambako waya mwembamba hupitishwa kutoka mshipa wa kinena hadi moyoni, na ile njia ya ziada huunguzwa kwa joto dogo lililolengwa. Kwa aina zilizo za kawaida, zaidi ya tisa katika kila kumi hupona moja kwa moja.

Walimu wana sehemu yao katika jambo hili. Mwanafunzi asemaye kwamba moyo wake huruka ghafla asidhihakiwe. Ahesabiwe mapigo papo hapo, kifundoni mwa mkono au shingoni, kwa sekunde 30, na idadi iandikwe pamoja na saa. Karatasi hiyo ndogo yaweza kumfaa daktari kuliko maelezo marefu. Aliyezimia, hasa katikati ya michezo, mwenye maumivu ya kifua, au ashindwaye kupumua, apelekwe hospitali bila kukawia. Na akiisha kufika huko, akaambiwa kwamba atachomwa dawa itakayomtisha kwa sekunde chache, atajua kwamba kuna lango linalofungwa, na kwamba litafunguka.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Hesabu mapigo yako ukiwa umekaa, kisha baada ya kuruka kamba kwa dakika mbili, kisha kila baada ya dakika moja hadi yatulie. Chora grafu. Grafu ya mbio za ghafla ingetofautianaje na yako?

2. Ikiwa dawa yenye nusu ya muda wa sekunde 10 imechukua sekunde 30 kufika moyoni, ni sehemu gani ya miligramu 6 itakayofika? Dozi ya kwanza ingekuwa kiasi gani ili zifike miligramu 6 kamili?

3. Eleza kwa nini dawa ya sekunde chache yaweza kukomesha mbio za duara, lakini haiwezi kuushusha mwendo wa moyo wa mgonjwa mwenye homa kali.